Tajudini Analipa Tena

Ukilipia kitabu, kitabu hicho ni cha nani?

Usiharakishe kujibu. Mimi nilisoma sheria miaka minne chuo kikuu, hapa hapa Bujumbura. Nilifundishwa habari za umiliki kwa Kifaransa kirefu, nikafaulu mtihani wake kwa alama nzuri, na siku swali lenyewe lilipokuja mbele yangu likiwa na sura ya mtu, nilishindwa.

Mtu mwenyewe ni Tajudini, fundi wa kushona viti vya magari, mtaa wa Cibitoke. Ana miaka hamsini na minne. Karakana yake ni chumba kimoja chenye mlango wa bati unaofunguka barabarani. Ndani mna cherehani mbili, rola za ngozi ya plastiki zilizosimamishwa ukutani, na meza ya kukatia ambayo watu wanne wangeweza kulala juu yake wasigusane. Watu humletea viti vilivyotoboka hadi sponji inachungulia, na wiki ifuatayo wanavichukua vikiwa vipya kuliko gari lenyewe. Siku za kazi meza ile hujaa chaki na vipande vya ngozi. Jumapili mchana hufagiliwa, na Tajudini huweka juu yake vitabu vitatu na dadu.

Mchezo wenyewe unaitwa Ngome za Chumvi. Nieleze kidogo, maana wengi wakisikia mchezo wa mezani hufikiria karata au dama. Hapa hakuna wa kumfunga mwenzake. Mmoja huongoza hadithi, wengine kila mmoja huwa mtu ndani ya hadithi hiyo: mwizi, mganga, askari mtoro. Anayeongoza anasema, "Mumefika kwenye daraja, na daraja imekatwa." Nyinyi mnasema mtafanya nini, dadu zinaamua kama mmefaulu. Kitabu cha kwanza kina kanuni, cha pili kina ramani, cha tatu ni cha mwongozaji peke yake, kwa kuwa humo mna siri zote: mtego uko wapi, nani msaliti, nani atakufa.

Vitabu hivyo alivipata Kiriri, kule mlimani kwenye majumba ya wakubwa. Mwalimu mmoja wa kigeni alikuwa anarudi kwao na alikuwa akiuza vitu vyake uani. Tajudini alikwenda kumshonea viti vya gari ili gari liuzike. Akaviona vitabu ndani ya sanduku la vyombo, akafungua kimoja, akasimama akisoma hadi mwalimu akamuuliza kama anaumwa. Wakakubaliana: viti vyote vya gari, kazi na ngozi juu ya Tajudini, kwa vitabu vitatu. Mke wake, Mwanasiti, alipoona malipo ya kazi ya siku sita ni karatasi, aliuliza swali moja tu.

"Hizi tutazichemsha ao tutazikaanga?"

Hiyo ilikuwa miaka kumi na miwili iliyopita. Tajudini aliishia mwaka wa pili wa sekondari, lakini Kifaransa anakisoma kama anakunywa maji. Alijifunza kanuni peke yake miezi miwili, kisha akakusanya watu. Wa kwanza alikuwa Rachidi, makanika wa gereji ya jirani, ambaye hajui kunyamaza. Akaja Fatouma, muuza vitenge, ambaye kwenye mchezo ni jambazi na sokoni pia wanasema hivyo hivyo. Akaja Twahiru, fundi wa nguo. Mimi nilikuja kuchukua kiti cha pikipiki ya baba nikabaki hadi magharibi. Wananiita professa, na si kwa heshima.

Kisha ukaja mwaka ule wa machafuko ambao watu wengi walivuka mpaka wakikimbia, na Twahiru akavuka nao. Hakurudi. Tajudini alikaa akitazama kiti chake kitupu Jumapili tatu. Jumapili ya nne hakucheza, alikwenda kwa mwalimu wa madrasa kumuuliza kama mtu anaweza kuweka wakfu kitabu cha mchezo. Alitusimulia baadaye, akicheka.

"Akaniuliza, iko kamari ndani? Nikamwambia apana. Akaniuliza, swala inapita muko mnacheza? Nikamwambia apana, tunasimama, hata kama simba iko mlangoni. Akasema, basi fanya, lakini usiniletee hiyo simba hapa."

Akachukua kalamu ya wino akaandika kwenye ukurasa wa kwanza wa kila kitabu, kwa herufi za Kiarabu, na chini yake kwa Kiswahili: Wakfu. Cha wanaocheza. Hakiuzwi, hakirithiwi. Aliandika katikati ya ukurasa, juu ya jina la mchezo, kwa maandishi makubwa. Tangu siku hiyo kila tukimaliza kucheza hufunua ukurasa huo kwenye kila kitabu, huweka kiganja juu ya maandishi, na kuwaombea wote walioketi pale, na Twahiru popote alipo. Vitabu vilipochakaa alivishona migongo kwa uzi wa viti na kuvivalisha ngozi nyeusi. Naamini hakuna vitabu vya mchezo ule vilivyotunzwa hivyo popote duniani.

Macho yalianza kumsumbua miaka miwili iliyopita. Daktari alisema ni presha ya macho, na kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi. Tajudini anasema anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na kila mwezi bomba linakuwa jembamba. Kushona bado anashona. Vidole vyake vinajua ngozi, vinajua mshono, na Mwanasiti humkatia vipande kwa kufuata mifano ya zamani. Lakini vidole havisomi herufi zilizochapwa.

Ilianza kwa vichekesho. Alisoma mstari wa chini badala ya wa juu, akatangaza kwamba jambazi ameuawa na walinzi.

"Sha Tajudini, ulishaniua wiki iliyopita," Fatouma akasema. "Sasa unaua maiti?"

Tukacheka, naye akacheka. Wiki iliyofuata alikaa kimya muda mrefu na kitabu kimemgusa pua, na hakuna aliyecheka.

Utasema: si mumsomee? Tulijaribu. Rachidi alikubali kuja Jumamosi kumsomea sura ya Jumapili. Lakini atakayemsomea mwongozaji siri ndiye huyo huyo atakayecheza kesho akijifanya hazijui. Tulipofika kwenye mlango wenye mtego, Rachidi alianza kutoka jasho na kutazama dari.

"We Rachidi, mlango iko na nini?" Fatouma akamuuliza.

"Mi sijui kitu! Kwa nini unaniuliza mi?"

"Kwa sababu unakaa kama mutu amekunywa mafuta ya gari."

Mchezo ukafa palepale. Mwanasiti Kifaransa hakisomi. Majirani wanaokisoma walimwona Tajudini ni mzee anayecheza michezo ya watoto. Akaanza kusema, kwa sauti ya mtu anayezungumzia mvua, kwamba labda mwisho wa mwaka tufunge meza. Nilijua maana yake. Mtu huyu amezaliwa Cibitoke na hajawahi kufika mbali kuliko Uvira, hapo ng'ambo ya mpaka, na kwa miaka kumi na miwili ameendesha falme. Ukimwondolea hilo unambakishia viti vya watu wengine.

Nikakumbuka kwamba simu inaweza kusoma. Ukiipa maandishi ya Kifaransa inayatamka kwa sauti. Nilipiga picha kurasa za kitabu cha tatu usiku mzima, nikijikaza nisizisome, lakini kurasa zile zina safu mbilimbili, majedwali, na picha za ngome nyuma ya maneno. Simu ikaropoka: "mlinzi saba mlango sumu kumi na mbili malkia". Tajudini alisikiliza akasema, "Hii imelewa."

Basi nikaenda kwenye ukurasa wa kampuni inayochapa mchezo, huko Ulaya. Toleo la elektroniki lilikuwapo, na walijisifu kwamba linasomeka kwa sauti. Bei ya vitabu vitatu ilikaribia bei ya vile vya karatasi. Yaani maneno yale yale, ramani zile zile, ambazo Tajudini alizilipia kwa siku sita za mgongo wake, alipe tena kana kwamba hajawahi kuziona. Lakini chini kabisa, kwa herufi ndogo, waliandika ahadi: mwenye kitabu cha karatasi atapewa cha elektroniki bila malipo akituma picha ya ukurasa wa kwanza wenye jina la mchezo, na juu yake jina lake mwenyewe kwa wino.

Nilipiga picha ukurasa wa kwanza wa kila kitabu, pamoja na maandishi yake ya wakfu. Niliandika barua kwa Kifaransa changu bora kabisa, nikaeleza habari ya macho, ya viti vya gari, na maana ya wakfu. Siku nne baadaye wakajibu. Walishukuru kwa mapenzi yetu kwa mchezo. Walisema vitabu vinaonekana kuwa mali ya maktaba au chama, na toleo la bure ni la wamiliki binafsi. Chini waliweka kitufe cha kununulia.

Niliisoma barua hiyo kwa sauti karakanani. Nilisimama nikipunga simu hewani. Nikasema watu hawa wanajua aina moja tu ya umiliki, ule wa mtu kuandika jina lake na kuwafungia wengine nje. Mtu akikitoa kitabu chake kwa wote, wao wanaona hakuna mtu. Nikasema kwamba huu ni wizi uliovaa tai.

"Professa, kaa chini," Tajudini akasema. "Utaangusha ngozi."

"Basi nitakutafutia toleo la kuibwa. Liko kwenye mtandao, dakika tano."

"Apana."

"Wao wanakuibia!"

"Wao ni wao. Mi sikuiba hata msumari ya kiti ya mutu. Nianze sasa, na macho yananitoka?"

"Basi andika jina lako. Futa wakfu, andika Tajudini. Ni kitabu chako, ulikilipia!"

Aliacha kushona. Alinigeuzia uso, ingawa najua hakuwa akiniona vizuri.

"Nilikilipia, nikakitoa. Ile siku nilikitoa, ikaisha. Unataka nimwambie Mungu nirudishie kidogo, nipige picha, halafu chukua tena?"

Rachidi alicheka. Mimi sikucheka. Nilifikiri, Mungu anisamehe, kwamba huyu mzee anajipofusha mara mbili.

Siku ya Ijumaa alipokwenda msikitini nilimwomba Mwanasiti vitabu, nikamwambia nataka kupiga picha nyingine. Hakuwa na sababu ya kunikatalia. Kwanza nilijaribu kubadilisha picha kwenye simu, nikaondoa maandishi kwa kidole, lakini palibaki ukungu ambao hata mtoto angeujua. Nikachukua wembe. Karatasi ile ni nzito, wino umekaa juu juu. Nilikwangua polepole, herufi za Kiarabu kwanza, kisha za Kiswahili, nikapuliza vumbi. Mara tatu. Kisha nikaandika Tajudini, kwa wino mweusi, mara tatu, nikatuma picha kwa barua nyingine, kwa jina lake. Wakati huo nilijiona mtu wa haki. Nilijiambia namrudishia mtu kilicho chake kwa nguvu, kwa kuwa walegevu hawarudishiwi kitu.

Faili likafika Jumapili asubuhi. Kampuni haikuuliza swali hata moja. Jina la mtu lilitosha.

Nilimwambia kwamba kampuni imebadili mawazo. Nikamwekea waya wa kusikilizia kwenye sikio moja, nikamwonyesha kwa kidole wapi pa kugusa ili simu isome, wapi pa kuruka. Akasikiliza, mdomo ukafunguka kidogo.

"Inasoma vizuri. Inasoma kama Mufaransa wa redio."

"Imesema nini?" Rachidi akauliza.

"Imesema utakufa."

Mchana ule ulikuwa mzuri kuliko yote niliyowahi kukaa pale. Tajudini aliketi wima, kichwa kimeinama upande wa sikio, na ngome ikasimama mbele yetu. Alimfanya malkia wa chumvi aongee kama mama mmoja wa sokoni anayejulikana na wote, Fatouma akapiga meza kwa kicheko. Rachidi alikufa kweli, kwa sumu, akagoma kufa, akadai dadu imepinda. Mwanasiti alileta chai akasahau kuondoka. Tulisimama kwa alasiri tukarudi. Jua lilipopungua mlangoni Tajudini akasema, "Bon, inatosha," akakusanya vitabu mbele yake.

Hapo ndipo nilipokumbuka.

Alifunua cha kwanza akaweka kiganja. Midomo ilikuwa imeshaanza dua. Ikasimama. Akaondoa kiganja, akarudisha vidole viwili, akavipitisha polepole kutoka kulia kwenda kushoto, kama anavyofanya akitafuta mahali ngozi ilipochoka kabla haijapasuka. Akafunua cha pili. Akafunua cha tatu.

"Hapa kumekwanguliwa," akasema.

Mwanasiti alinitazama mimi moja kwa moja.

"Nani?"

"Mimi," nikasema.

"Umeandika nini?"

"Jina lako."

Nilianza kueleza. Nilisema mengi, ya sheria, ya kampuni, ya haki ya asiyeona. Aliacha nimalize. Kisha akatoa waya sikioni, akaufunga pamoja na simu, akavisukuma mbele yangu juu ya meza.

"Futa."

"Tajudini, ni chako! Hukuiba, walikitoa wenyewe!"

"Walimupa mutu mwenye kitabu. Hakuna mutu mwenye kitabu. Umewadanganya kwa jina yangu, na umechukua kitu ya Twahiru, ya Fatouma, ya mutoto atakuja kesho, ukaniandikia mi. Futa nisikie."

Nilifuta. Simu ilitoa mlio wake mdogo. Fatouma alikuwa amejifunika mdomo kwa pembe ya kitenge.

"Sasa tutacheza na nini?" Rachidi akauliza, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na mchezo.

"Kesho nitalipa."

"Utalipa nini?" nikapiga kelele. "Utawalipa tena? Kwa kitu ulichokinunua?"

"Si wanauza? Mi nitanunua. Na hicho pia kitakuwa wakfu, na hutakigusa." Akamgeukia mkewe. "Mwanasiti, ile pesa ya rola ya ngozi, iko?"

"Iko," Mwanasiti akasema. Kisha akaongeza, "Na utashona nini mwezi ujao?"

Tajudini alivifunika vitabu, kimoja kimoja.

Nilikwenda nyumbani kwa miguu. Nataka nieleweke: sikumwona mtakatifu, nilimkasirikia. Bado namkasirikia kidogo. Kampuni ile itapokea pesa yake na haitajua kwamba huku kuna karakana itakayokaa mwezi bila ngozi. Wataandika kwamba wamepata mteja mpya. Nami ndimi niliyewapatia mteja huyo. Laiti nisingegusa vitabu, angalau ningekuwa na haki ya kuwatukana peke yao.

Asubuhi ya Jumatatu niliamka mapema nikaenda karakanani kuomba msamaha. Mlango wa bati ulikuwa umefungwa. Rachidi, akiwa chini ya gari, aliniambia bila kutoa kichwa kwamba Tajudini na mkewe wameshuka mjini, kwa Himid. Himid ni mfanyabiashara wa ukoo wa Kiomani katika mtaa wa Asiatique. Ana ndugu Muscat mwenye kadi ya benki, na wasio na kadi huacha pesa kwake, nduguye akawalipia huko.

Niliwakuta kwenye kaunta. Himid mwenyewe hakuwapo. Alikuwapo kijana wa dukani, Hamimu, mgeni kwenye kazi, shati jeupe, haraka nyingi. Tajudini alikuwa amevaa kanzu yake ya Ijumaa. Nilisimama mlangoni, hatua nne kutoka kwake, naye hakuniona. Mwanasiti aliniona, akageuza uso.

"Ni ya kulipia nini, muzee?" Hamimu aliuliza, kalamu juu ya daftari.

"Vitabu."

"Vitabu ya pesa yote hii? Ya dini?"

"Apana. Ya mchezo."

Hamimu aliinua macho, akamtazama mzee, akamtazama Mwanasiti, akaamua kutouliza zaidi. Akaandika. Akageuza daftari kuelekea upande wa pili wa kaunta.

"Weka sinyatiri hapa."

Tajudini alishika kalamu ili atie sahihi. Akainamisha kichwa karibu sana na karatasi, akakipeleka kushoto, akakipeleka kulia, akitafuta mstari. Ncha ya kalamu ikagusa mbao ya kaunta. Nyuma yake foleni ilikuwa na watu watatu, na mmoja akakohoa.

"Haina shida, muzee," Hamimu akasema kwa upole, kwa sauti kubwa, kama watu wanavyosema na viziwi. "Asiyejua kuandika tunamusaidia."

Akaitoa kalamu mkononi mwake. Akavuta kisahani cha wino, akakishika kidole gumba cha Tajudini, akakibonyeza kwenye wino, kisha kwenye daftari, akakizungusha kidogo ili alama itoke vizuri.

"Voilà," akasema. "Anayefuata."